Dakika Nne Baada ya Picha Kwisha

Lori lilikuwa limebeba magodoro, vitanda vya chuma, cherehani mbili na watu kumi na mmoja, na Karamat alikuwa amekaa juu ya vyote hivyo, mkoba wake mgumu wa ngozi mapajani, lilipomaliza kona ya mwisho ya milima na mji wa Shiraz ukajitandaza chini. Hakuwahi kufika huko. Nyuma yao, Abadan, matangi ya mafuta yaliyolipuliwa vitani yalikuwa yanawaka kwa siku ya tisa.

"Na wewe, Agha Karamat, umeokoa nini?" akauliza mama mmoja aliyekuwa amekumbatia samovari yake ya chai. "Dhahabu?"

"Lenzi ya projekta."

"Na projekta yenyewe?"

"Imebaki."

"Basi umeokoa jicho, kichwa umekiacha."

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu waondoke, na Karamat akacheka pia, kwa sababu ilikuwa kweli. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama kwenye chumba kidogo cha juu cha ukumbi wa sinema, akitazama kila picha kupitia tundu la ukubwa wa kitabu. Alijua kuonyesha filamu. Kazi nyingine hakuijua.

Shiraz ilikuwa na waonyesha filamu wake, na hao wenyewe walikuwa hawana kazi. Mwaka wa kwanza aliiuza lenzi kwa fundi wa miwani. Mwaka wa tatu video zikapigwa marufuku, na hapo ndipo mkoba wake ukapata kazi. Mikanda minane iliingia bila kulegea, na mtu wa makamo aliyevaa koti la kijivu na kubeba mkoba alionekana karani wa ardhi, si mtu wa kukamatwa. Akawa mtu wa filamu, mmoja wa wale waliopita nyumba kwa nyumba, kila nyumba na siku yake, akiacha mikanda mitatu na kuchukua mitatu ya wiki iliyopita. Watu walificha deki zao chini ya mablanketi, ndani ya masanduku ya ngano, na nyumba moja ndani ya tanuri bovu. Hodi yake ilijulikana: mara mbili, kimya, mara moja.

Jambo ambalo wateja wake hawakulijua ni kwamba filamu alizowaletea hakuwa ameziona. Alipanga chumba kwa mzee mcha Mungu asiyetaka hata redio iwe na muziki. Filamu zilimpita mkononi mamia kwa mamia, na yeye akabaki kuzijua kwa maneno ya watu. Kwa hiyo hakuwa na haraka ya kuondoka. Alikataa chai mara mbili kama adabu inavyotaka, akaipokea mara ya tatu, akaweka bonge la sukari kati ya meno na kusema, "Haya. Niambieni."

Wakamwambia. Nyumba ya daktari wa meno walibishana mpaka matango yakakauka kwenye sahani. Nyumba ya mfanyabiashara wa mazulia baba alisimulia picha nzima ya karate kwa kutumia mito ya sofa. Na Badri Khanum, mwalimu mkuu mstaafu aliyeishi peke yake na kasuku, alizipa filamu alama juu ya ishirini, akaziandika kwenye daftari lenye jedwali.

"Kumi na mbili," angesema. "Steringi anapigwa risasi ya bega Jumatatu, Jumanne anabeba mwanamke ngazi tatu. Nimepunguza nane, na nimemhurumia."

Karamat aliyabeba maoni hayo kwenda nyumba iliyofuata. Hakumpa mtu mkanda bila neno la aliyeutazama kabla yake. "Wa kwenye mazulia wameulilia huu," alisema. "Mama mmoja mwenye akili zake ameupa kumi na saba." Watu walimwona bingwa. Yeye usiku alilala akijaribu kuunganisha vipande vya watu tofauti mpaka vikawa picha moja, na mara nyingi picha hiyo ilikuwa nzuri kuliko ile iliyokuwa kwenye mkanda.

Kwa wateja wake alikuwa na wosia mmoja. Kila nyumba ilikuwa na mkanda wake wa hatari: arusi yenye ngoma, wanaume na wanawake wamechanganyika, shangazi kichwa wazi. "Msiandike arusi," aliwaambia. "Wala msiuache bila maandishi, hapo ndipo watauweka kwenye deki. Andikeni *tupu*. Doria ikiingia hakuna askari atakayekaa kutazama mkanda mtupu." Waliona ni werevu. Mitaa mitatu ya Shiraz iliandika *tupu*.

Turan Khanum aliandika pia.

Turan alikuwa mshonaji wa mapazia, mjane, mwenye mwana mmoja aliyeitwa Behrang. Siku ya Karamat kufika hapo ilikuwa Alhamisi mchana, na nyumba hiyo aliipenda kuliko zote kwa sababu mama na mwana hawakuwahi kukubaliana juu ya filamu hata moja.

"Mama analia kabla picha haijaanza," Behrang alisema. "Akiona tu maandishi ya majina, leso nje."

"Na wewe unacheka watu wakifa. Agha Karamat, huyu kwenye msiba wangu atakaa anauliza bunduki ilikuwa ya plastiki au ya kweli."

"Nitakaa nalia, mama. Nitaajiri na wasaidizi."

Mwaka wa sita wa vita Behrang alikwenda mstari wa mbele. Alirudi kwa likizo ya siku kumi, ikaangukia kwenye arusi ya binamu yake, na mjomba mmoja aliyekuwa na kamera ya kutoka Kuwait akarekodi saa tatu kamili, mpaka mkanda ulipoisha. Miezi miwili baadaye Behrang akauawa kusini, kwenye mabwawa ya matete. Picha za karatasi walikuwa nazo. Picha inayotembea ilikuwa hiyo moja.

Siku moja kabla ya arobaini, Karamat alikwenda kutoa pole. Hakubeba filamu. Mkoba aliubeba kwa mazoea tu. Turan alikuwa amelala chumba cha ndani, hajanyanyuka kwa siku kadhaa. Aliyempokea ni wifi yake, Eshrat, mikono imejaa unga wa mchele, anatayarisha halua ya wageni wa kesho. Karamat alikaa, akasoma Fatiha, akainuka aende. Lakini Eshrat alikuwa mtu wa adabu za kale, hakuweza kumwacha mgeni atoke nyumbani mwa kaka yake mikono mitupu.

"Ngoja, Agha Karamat." Akafungua kabati la mashuka. "Nimeona kuna mikanda mitatu mitupu humu. Chukua."

"Haiwezekani, Khanum. Ni mali ya nyumba."

"Nyumba hii nani atatazama picha tena? Chukua, kwa roho ya marehemu."

"Niwieni radhi, siwezi."

"Nitachukia."

Mara ya tatu akapokea, kama adabu inavyotaka. Mikanda mitupu ilikuwa adimu mwaka ule kuliko nyama. Yote mitatu ilikuwa imeandikwa *tupu*. Aliitia mkobani, na jioni ile ile akaipeleka kwa Fariborz, mtu aliyekuwa na deki saba kwenye ghala la nyuma ya duka la vyombo na kazi yake ikiwa kunakili.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, mlango ulifunguliwa na Turan mwenyewe. Alikuwa amekonda, chador yake, baibui nyeusi, imemning'inia kama iliyotundikwa kwenye msumari. Hakumwambia karibu.

"Ile mikanda mitatu aliyokupa Eshrat," alisema. "Umeifanya nini?"

Karamat alielewa kabla hajamaliza. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti, akaurudisha nje.

"Iliandikwa tupu," alisema.

"Wewe ndiye uliyetufundisha kuandika."

Alikimbia, mtu wa miaka hamsini na nane, kutoka mtaa wa mapazia mpaka ghala la Fariborz, koti linapepea. Fariborz alimsikiliza bila kuacha kubandika karatasi.

"Nimesharekodi, kaka. Picha la Kihindi, lile la tarishi. Nimetoa nakala ishirini na sita, na wote mnaligombania. Karatasi za zamani nimezibandua. Sasa ni upi? Yote sura moja."

"Kitu chake cha zamani kimefutika chote?"

"Picha linakaribia saa tatu. Labda mwishoni kimebaki kidogo. Dakika mbili, tano. Nani anajua?" Kisha akainua macho, akaona uso wa Karamat, akaacha gundi. "Sita ziko hapa. Tuzitazame."

Walizitazama. Baada ya tarishi kuanguka na maandishi kupita, zote sita zilionyesha chenga.

Alirudi kwa Turan akamweleza ukweli wote, amesimama pale pale nje. Turan aliuliza jambo moja tu: "Umebaki kiasi gani?" Akajibu hajui. "Basi lete hicho usichokijua," alisema, na kufunga mlango.

Hivyo ndivyo Karamat alivyoanza kutafuta mkanda mmoja kati ya ishirini iliyotawanyika mjini, na hakuwa na chombo cha kuutafutia isipokuwa kile alichokuwa nacho siku zote: maoni ya watu. Nyumba zake mwenyewe aliziomba zisogeze mkanda mbele mpaka mwisho, akakaa na chai yake kutazama chenga. Lakini nakala nyingi zilikuwa kwa watu wengine wa filamu, kwenye nyumba ambazo hangeweza kubisha hodi. Huko alituma maswali. Kwa wenzake, kwa wateja wa wenzake aliokutana nao kwenye foleni ya mkate, kwa kinyozi. Kila mahali swali moja: tarishi mmemwona? Mwisho wake mmeuonaje?

Kuhusu mwisho watu walikuwa na mengi. Tarishi, aliyekuwa akimsomea mjane barua na kumpenda kupitia barua hizo, anasimama juu ya daraja linalobomoka na mfuko wake begani. Kisha maji.

"Amekufa," alisema daktari wa meno.

"Hajafa!" mkewe akaruka. "Umeona mfuko ukielea. Aliuvua. Mtu anayevua mfuko anataka kuogelea."

"Mfuko ulivuliwa na maji."

"Wewe kila mtu kwako amekufa. Hata mgonjwa akifungua tu mdomo."

"Na baada ya hapo?" aliuliza Karamat. "Maandishi yakishapita? Mliona nini?"

"Baada ya hapo tulirudisha mkanda nyuma, Agha Karamat. Ulituambia wewe mwenyewe turudishe kila mara, kuwasaidia wanaofuata."

Ndivyo alivyowaambia. Miaka mitatu aliwasifu waliorudisha mkanda mara tu picha ilipokwisha. Sasa akawa anawasihi: msirudishe, acheni uende, acheni mpaka ujizime. Nyuma ya mgongo wake walianza kusema kichwa chake kimepata moto wa Abadan. Mwenye mazulia alimtania usoni: "Zamani ulikuwa unauliza picha nzuri au mbaya. Siku hizi unatutazamisha chenga. Nazo tuzipe maoni? Za jana zilikuwa nzuri kuliko za juzi."

Karamat alicheka kwa adabu. Wiki ya tano, ya sita. Kila Alhamisi alipita kwenye mtaa wa mapazia bila kubisha, kwa sababu hakuwa na la kusema, na kila mara aliona pazia la dirisha la juu limesogezwa kidogo.

Wiki ya saba alifika kwa Badri Khanum. Mama yule hakumtazama machoni. Alimmiminia chai kabla hata Karamat hajakataa ile ya kwanza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Usininunie," alisema. "Nimekusaliti."

"Umenisaliti vipi, Khanum?"

"Nimetazama mkanda wa mtu mwingine. Jirani ana mtu wake wa filamu, wa Jumanne. Kijana, anavaa manukato. Nikaazima." Akafungua daftari. "Na nimeadhibiwa. Picha la tarishi. Nimelipatia nane. Nililala kabla ya daraja."

Karamat aliweka glasi chini polepole. "Ulilala. Na mkanda?"

"Ukaendelea, nani wa kuuzima? Kasuku? Nikaamshwa na ngoma. Nikafungua macho, hakuna India, hakuna tarishi. Kijana wa hapa hapa kwetu, shati jeupe, leso nyekundu, anacheza. Sikuelewa anahusikaje na hadithi. Nikasema labda ndiyo mitindo mipya ya hawa wakurugenzi, wanamaliza na mtu usiyemjua." Akavaa miwani, akatafuta mstari kwenye jedwali. "Huyo nimempa alama yake mbali. Ishirini. Miaka thelathini na moja ya ualimu sijampa mtu ishirini. Ni kwa sababu ya—ee, Agha Karamat. Mbona unalia?"

Usiku ule ule aliufuata mkanda kwa jirani wa Badri Khanum. Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Alibisha mara mbili, kimya, mara moja. Hakuuning'iniza mkoba mkononi kama siku zote, aliukumbatia kifuani.

Turan alimkaribisha kwa ishara ya kichwa. Sebuleni vioo vya madirisha vilikuwa vimebandikwa utepe kwa kuogopa mabomu, na picha ya Behrang ilikuwa juu ya televisheni, utepe mweusi pembeni. Deki ilikuwa nje, wazi, bila blanketi. Hakujali tena nani ataingia.

"Ni kiasi gani?"

"Dakika nne. Pungufu kidogo. Nitauacha, nitakwenda."

"Kaa."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Turan aliutia mkanda kwa vidole viwili. Daraja, mfuko ukielea, maandishi yasiyosomeka, giza. Picha ikaruka kama mtu aliyejikwaa, na ngoma ikaanza katikati ya mdundo.

Karamat, ambaye kwa miaka sita hakuwa ametazama picha yoyote kwa moyo, alitazama hii. Ua wa nyumba, taa za rangi kwenye mti wa mnarinji, watu wanapiga makofi. Behrang na leso yake, jasho linamtoka, anacheza vibaya na kwa furaha, anawavuta wazee waingie, wazee wanakimbia. Watu wanapita mbele ya kamera. Kisha unaingia mkono wa mwanamke kutoka pembeni, na pindo la chador, unamfuta jasho la paji la uso. Behrang anaudaka ule mkono, anaubusu kiganja, anasema kitu kisichosikika kwa ajili ya ngoma. Mkono unampiga kofi la mzaha. Anageuka kucheka na kamera. Hapo mkanda ukaisha.

"Alisema nini?" aliuliza Karamat.

"Sikumbuki." Turan alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe. "Nilikuwa nafikiria wali usiungue."

Akarudisha nyuma kidogo. Wakatazama mara ya pili, na ya tatu. Baada ya ya tatu akageuka.

"Miaka yote hii unakuja unatuuliza, *haya, niambieni*. Wewe hujawahi kusema lolote. Leo sema. Umeionaje?"

Hakuwa na neno la mtu mwingine la kubeba.

"Aliyeshika kamera hajui kazi," alisema. "Inatikisika, taa inampiga usoni. Lakini hakumwacha. Bwana arusi yuko pale, bibi arusi yuko pale, watu wanamzuia, na yeye kila mara anarudi kwa Behrang. Nimeonyesha filamu miaka ishirini na miwili, Turan Khanum. Hujui mara ngapi nilitamani kamera irudi kwa mtu fulani, isirudi."

Turan alitikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye kitufe tena.

"Khanum," alisema Karamat, kwa sababu sasa ilibidi aseme lile la ufundi, na hakuna mwingine ambaye angelisema. "Mkanda wa video unasuguka. Kila ukipita kwenye deki unapoteza kidogo. Ukiutazama hivi kila siku, baada ya mwaka utaona vivuli. Baada ya miaka miwili, chenga. Inabidi unakiliwe. Nipe siku moja tu, nitakaa nao mkononi, Fariborz—"

"Hapana."

"Basi nitaleta deki ya pili hapa hapa. Mbele ya macho yako."

"Utaunganisha nyaya, utabonyeza kitufe kimoja badala ya kingine." Hakupandisha sauti. "Najua hukufanya kwa ubaya. Eshrat naye hakufanya kwa ubaya. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika lile neno kwa kalamu yangu. Sote tulikuwa na akili sana. Mkanda huu hautaguswa na mkono wa mtu tena."

"Utafutika, Khanum."

"Utafutika huku namtazama."

Karamat aliinamisha kichwa. Nje mchuuzi wa chumvi alikuwa akipita anapiga kelele, na wote wawili wakamngoja apite.

"Alhamisi usije tena," alisema Turan. "Si kwa hasira. Ile hodi yako, zamani nikiisikia nilijua Behrang ataruka kwenda kufungua. Sitaki kuisikia ikabaki hodi tu."

Karamat akainuka. Alimtolea vile vijineno vya adabu ambavyo watu wa huko hupeana mlangoni: mkono wako usiumwe, kivuli chako kisipungue. Turan akavijibu vyote, kimoja kimoja, bila kuruka hata kimoja, akamsindikiza mpaka kizingitini. Karamat alivaa viatu, akachukua mkoba wake, ambao siku hiyo haukuwa na kitu, akateremka kichochoroni akipita ukutani upande wa kivuli. Hakugeuka.

Turan alisimama mpaka koti la kijivu lilipokata kona kwenye duka la mkate. Akafunga mlango, akapanda ngazi, akakaa chini karibu kabisa na televisheni. Deki ikakoroma, inarudisha nyuma dakika nne.